Kitwana, fundi anayejenga ukuta wenye mahali pa kukaa

Saa moja kasorobo asubuhi, na Mkuza imeshabaki tupu. Watumishi wameondoka tangu alfajiri kuwahi kazini Dar es Salaam, watoto wamekwenda shule, na katika njia ya vumbi inayopita kati ya nyumba hakuna kinachosikika isipokuwa mwiko ukigonga tofali.

Kitwana amepiga goti moja chini. Anatandaza udongo wa saruji, analaza tofali, analigonga kidogo kwa mpini wa mwiko, kisha anafumba jicho moja kutazama kama limekaa sawa na kamba.

Ukuta anaoujenga utakuwa mrefu kumpita mtu, wenye geti la chuma, kama kuta nyingine zote za mtaa huu wa Kibaha. Lakini upande wa nje, karibu na geti, tofali za chini zimetokeza kuelekea njiani. Zikishapigwa lipu na kulainishwa zitakuwa baraza, mahali ambapo mtu mzima anaweza kukaa, akaegemeza mgongo na kutazama wanaopita.

"Mwenye nyumba aliniuliza, fundi, hapo nje atakaa nani?" anasema bila kuinua macho. "Nikamjibu, mama yangu akichoka njiani. Akacheka, akadhani natania."

Hakuwa anatania.

Kitwana ana umri wa miaka arobaini na minane, na kazi inayompa jina hapa mtaani ni uzio. Wapo mafundi wa nyumba, wapo wa paa, wapo wa vigae. Anayetaka ukuta ulionyooka, usiopasuka mvua za masika zikija, huelekezwa kwake. Siku ya kazi nzuri huondoka na shilingi elfu thelathini. Siku nyingine hana kazi kabisa. Kwa kuta hizo hizo alinunua kiwanja, akajenga nyumba ya vyumba vitatu, akaiwekea ukuta na geti jeusi.

"Wakati ule kila mtu alikuwa anataka ukuta," anasema. "Na mimi nilikuwa naona fahari. Mtu akiingia Mkuza anaona kazi ya mikono yangu kushoto na kulia."

Alizaliwa Marui, kijiji cha wilaya ya Kisarawe, kwa wazazi waliolima mihogo, mpunga kidogo na korosho. Baba yake alipofariki, miaka minne iliyopita, wana wa marehemu walikaa wakakubaliana kuwa mama yao, Bi. Mwanaamina, asiachwe peke yake katika nyumba ile kubwa. Kaka mkubwa, Latifu, ana nyumba yake palepale Marui, lakini yeye na mkewe hushinda shambani. Kitwana akasema atamchukua.

Bi. Mwanaamina, aliyekuwa amevuka miaka sabini, alifika Mkuza na sanduku la nguo, ungo wake na kinu alichokataa kata kata kukiacha.

Kudra, mke wa Kitwana, anauza mboga sokoni na hutoka nyumbani kabla jua halijachomoza. Anakumbuka wiki ile ya kwanza. "Mama aliamka, akafagia uwanja, akafungua geti, akasimama nje kuwasubiri watu awaamkie. Nilipoondoka nilimwacha hapo. Mchana nikapiga simu, akaniuliza, 'Mwanangu, huku kwenu watu wote wamesafiri?'"

Marui, mwanamke yule alikuwa hafiki kisimani bila kusimama kwenye nyumba tano. Kwa huyu anauliza hali ya mgonjwa, kwa yule anaomba chumvi, kwa mwingine anakemea mtoto asiye wake. Mkuza alikuta kuta. Kutoka geti hadi geti hakukuwa na dirisha la kutazamia wala kibaraza cha kupumzikia, na magari yaliyopita yalikuwa na vioo vilivyopandishwa.

Baada ya miezi michache aliacha kutoka. Akawa anakaa sebuleni akitazama runinga isiyo na sauti.

Kisha akaanza kusahau. Mwanzoni yalikuwa mambo ya kuchekesha: chumvi mara mbili kwenye mchuzi, miwani ndani ya kikapu cha vitunguu. Halafu akamwita Kitwana kwa jina la mjomba aliyekufa zamani. Siku moja Kudra alirudi akamkuta amevaa, amefunga mtandio, ameketi na sanduku lake mlangoni. Alikuwa akimsubiri mumewe aje kumchukua.

"Niliogopa," anasema Kudra. "Nikamwambia mume wangu, tufunge geti kwa kufuli tukitoka. Nilikuwa nampenda ndiyo maana nilisema hivyo."

Wakafunga. Bi. Mwanaamina akashinda ndani ya ukuta ambao mwanawe aliujenga kwa mikono yake.

Siku aliyopotea, kufuli lilikuwa limefunguliwa kwa ajili ya gari la maji. Kijana wa gari alijaza tangi, akaondoka, akaliacha geti wazi. Kudra alipopigiwa simu na jirani wa upande wa pili kwamba geti liko wazi na ndani hakuna mtu, aliacha mboga zake mezani na kukimbia.

Kitwana alishuka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi na saruji ikiwa bado mikononi. Alipita njia zote za Mkuza akiita. Anasema hapo ndipo alipozitazama kuta zake kwa jicho jingine.

"Zote zinafanana. Kijivu, geti jeusi. Kijivu, geti la bluu. Mimi mwenyewe niliyezijenga nilifika mahali nikasimama nikajiuliza, hapa nimeshapita au sijapita? Sasa yeye je?"

Baadaye walikuja kujua kuwa mama alikuwa anatafuta kisima. Alipokikosa akataka kurudi nyumbani, na akaanza kugonga mageti. "Hodi! Kwa Kitwana ni wapi?" Kwingine hakukuwa na mtu. Kwingine dada wa kazi alijibu kutoka ndani, bila kufungua, kwamba mwenye nyumba hayupo.

Geti lililofunguka lilikuwa la Mwalimu Elinipa, mama mstaafu mwenyeji wa Same, mjane, ambaye watoto wake wanaishi mbali na nyumba yake ina ukubwa wa familia isiyokuwepo.

"Nilisikia hodi ya mtu mzima," anasimulia Mwalimu Elinipa. "Ninaijua hodi ya mtu anayeuza kitu na hodi ya mtu aliyekuja kwako. Nilikuwa sijaisikia hiyo ya pili kwa muda mrefu. Nikafungua haraka haraka, hata viatu sikuvaa."

Alimkaribisha maji. Alimuuliza anatoka wapi, akajibiwa Marui. Alimuuliza anaishi wapi, akajibiwa Marui. Mwalimu akaona kuna jambo, akamkaribisha jikoni. Hapo kulikuwa na kisamvu alichokuwa anataka kukisaga kwa mashine, lakini mgeni akaikataa mashine, akadai kinu, na kinu cha Mwalimu kisichotumika siku nyingi kikatolewa.

Kitwana alipofika, jioni, akiwa ameshataka kwenda polisi, alisikia mdundo wa kinu nyuma ya ukuta. Alimkuta mama yake amekunja kanga, anatwanga, huku mwalimu mzima na shahada zake ameshika chungio akingoja maelekezo.

"Taratibu," mama alikuwa anasema. "Wewe una haraka ya nini, mwali?"

Kitwana aliketi kwenye ngazi ya jikoni, akalia.

Walimpeleka hospitali. Daktari aliwaeleza kuwa ni ugonjwa unaokula kumbukumbu polepole, kwamba haukutokana na mkono wa mtu wala laana, na kwamba hakuna dawa ya kuuondoa. Kisha akauliza maswali ambayo Kitwana hakuyatarajia. Mama anashindaje? Anaongea na nani? Akitoka nje anatembea hadi wapi, na akichoka anakaa wapi?

"Daktari aliniuliza kuhusu mtaa kuliko alivyoniuliza kuhusu kichwa," anasema. "Akaniambia mtaa hauponyi huu ugonjwa. Lakini mzee asiyetembea, asiyeongea na mtu, huzima upesi zaidi. Nikarudi nyumbani na hilo neno, kuzima."

Habari zilipofika Marui, Latifu alipiga simu akiwa na hasira. "Mrudishe mama. Huko mmemweka jela."

Neno lile lilimchoma Kitwana. Alimchukua mama wakaenda wote kijijini, kuona kama kweli atapata nafuu.

Waliposhuka kwenye gari, Bi. Mwanaamina hakusubiri kushikwa mkono. Alitangulia. Alikata kona kwenye shamba la mihogo, akapita nyuma ya msikiti, akasimama kwa jirani yake wa zamani, Mwamini, akampa pole ya msiba ambao Kitwana hakuwa na habari nao. Miguu ilijua njia. Kitwana alifuata nyuma na mzigo, moyo ukimwambia kuwa kaka yake alikuwa na haki.

Lakini siku ya tatu mama alitoweka. Kitwana alianza kuhangaika, akavaa viatu atoke kumtafuta. Latifu hata hakusimama.

"Kaa, atakuja," alisema.

"Atakuja vipi, kaka? Hajui alipo!"

"Hajui, ndiyo. Wao wanajua."

Haukupita muda, Mwamini akatokea naye, wamebeba kuni. Alimkuta ameelekea mashamba ya mpunga, anamfuata mumewe marehemu. Mwamini hakumwambia kuwa mumewe amekufa. Alimwambia, "Dada, nisaidie mzigo huu kwanza," wakarudi pamoja.

Ndipo Kitwana alipoelewa kitu ambacho, anasema, hakijamtoka hadi leo. Mama yake alikuwa ameanza kupotea tangu zamani, pengine hata kabla ya baba kufariki. Marui hawakumwona kama mtu aliyepotea kwa sababu kila mara kulikuwa na mtu wa kumrudisha, na aliyemrudisha hakuona kuwa amefanya jambo la kusimuliwa.

"Nilikuwa nadhani mama akiwa Marui ana akili, akiwa Mkuza hana," anasema. "Alikuwa ni yuleyule. Waliobadilika ni wanaomzunguka."

Angeweza kumwacha huko. Alitamani. Ila Latifu mwenyewe alikiri kuwa kliniki iko mbali, na mkewe alikuwa ameshaukuta moto umewashwa chini ya sufuria tupu. Ndugu wale wawili walikubaliana, safari hii bila hasira: mama atakaa Mkuza, na msimu wa korosho atakwenda Marui.

Kitwana aliporudi Kibaha alichukua nyundo, akaanza kubomoa ukuta wake mwenyewe.

Alishusha upande wa mbele hadi usawa wa kifua. Kwa tofali zilizotoka juu akajenga baraza upande wa njiani, refu la kutosha watu wanne, na juu yake akaweka kipande cha bati kwa ajili ya kivuli.

"Nilimwambia, umerukwa na akili?" anasema Kudra, na sasa anaweza kucheka. "Mwizi akija atapata na pa kupumzikia!"

Mama naye hakufurahi. Alilitazama baraza, akamtazama mwanawe. "Mie nikae barabarani? Mie ni ombaomba?"

Siku kadhaa baraza lilikaa tupu. Wapita njia walilitazama. Jioni vijana walianza kukusanyika hapo na sigara zao, wakaacha chupa. Malalamiko yakafika kwa mwenyekiti wa mtaa, Didas.

Didas alikuja asubuhi moja akiwa na nia ya kuagiza livunjwe. Kitwana alikuwa kazini. Aliyekuwepo ni Bi. Mwanaamina, aliyekuwa anafagia nje, na Mwalimu Elinipa aliyekuja kumjulia hali kama alivyokuwa amezoea tangu siku ya kisamvu.

"Shikamoo mama," alisema Didas.

"Marahaba, baba. Wa nani wewe?"

Didas akaeleza yeye ni nani na ana cheo gani. Bi. Mwanaamina akasikiliza hadi mwisho. "Cheo nimekisikia. Nimekuuliza wa nani. Mama yako yuko wapi?"

Mwenyekiti alijikuta anaeleza kuwa mama yake yuko Bukoba, hajamwona kwa muda mrefu, naye siku hizi kwenye simu anarudia swali lile lile. Akaketi. Kwa kuwa yeye aliketi, Mwalimu naye akaketi, na Bi. Mwanaamina, ambaye hawezi kuwaacha wageni wamekaa naye amesimama, akaketi katikati yao.

"Nilikwenda kuvunja baraza, nikaondoka saa sita mchana," anakiri Didas. "Hata mkutano wangu ulinipita. Nilisema tu vijana wasikae usiku, na hilo nikaongea nao mwenyewe."

Tangu siku hiyo mama hakuhitaji kuombwa. Kudra alimletea majani ya miyaa kutoka sokoni, na vidole vyake vikaanza kusuka ukili wa mkeka kana kwamba haviulizi chochote kichwani. Mwalimu Elinipa humsomea habari za gazeti, na mama huzitolea hukumu. Mwanamke mwingine mtu mzima, ambaye mtaa mzima haukujua kuwa anaishi nyuma ya geti la bluu, alianza kuja na ukwaju wa kumenya. Waendesha bodaboda wa kona ya pili wakawa hawapiti bila kuamkia, kwa sababu asiyeamkia huitwa kwa sauti, arudi.

Asubuhi moja Bi. Mwanaamina aliinuka barazani akaondoka zake. Alikuwa ameshafika mbali, karibu na barabara ya magari makubwa, mmoja wa waendesha bodaboda wale, Khalfani, alipomwona. Khalfani hakumpandisha pikipiki. Alizima injini, akawa anaisukuma kando yake, wakatembea.

"Nilimwambia bibi, mimi nimepotea, naomba unisindikize kwa Kitwana fundi," anasema Khalfani. "Akanigombeza njia nzima. Kijana gani hajui kwao!"

Kitwana alipata simu wakati mama ameshafika, ameshapewa chai.

Nafuu hiyo ina mpaka, na Kitwana hapendi mtu aandike kuwa mama amepona. Ugonjwa unaendelea. Zipo siku Bi. Mwanaamina haamki na maneno yote. Zipo siku anakataa kuoga, anamtuhumu Kudra kumwibia kanga. Na tangu mwaka jana zimekuwepo siku ambazo hamtambui mwanawe.

Mara ya kwanza ilikuwa jioni, Kitwana anarudi kutoka kazini na karai mkononi, nguo zimejaa saruji. Mama alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mgeni.

"Fundi," alisema, "umeshakula?"

"Bado, mama."

"Ingia ndani. Mwanangu akirudi mtakula pamoja."

Kitwana anasimulia hayo akiwa ameshika tofali, na kwa muda halilazi. "Niliumia. Sitasema sikuumia. Halafu nikafikiri, hanijui na bado ananikaribisha. Nikaingia, nikakaa mezani, nikala. Aliponiuliza kama chakula kinatosha, nilimwambia kinatosha."

Siku hizi kila anayemwita kwa kazi ya uzio huulizwa kama ataruhusu baraza upande wa njiani. Ufundi wa sehemu hiyo haulipishi. Wengi hukataa. Wanataka ukuta uende juu, vipande vya chupa viwekwe kileleni, na hilo analifanya vilevile, kwa kuwa ni kazi na watu wana hofu zao. Lakini wapo waliokubali, na katika njia ile ya Mkuza mtu mzima anaweza sasa kutoka kwa Kitwana hadi kwa Mwalimu Elinipa akipumzika njiani, na mageti mengine yamepakwa rangi mpya: njano, kijani, moja jekundu kama pilipili. Hilo lilikuwa wazo la Mwalimu. Alisema mtoto wa darasa la kwanza humfundishi kwa vitabu vyenye majalada ya rangi moja.

Kudra, aliyeogopa wezi, anasema hajaibiwa. "Tena sasa mwizi atapita wapi? Wazee wanamwona tangu mbali, wanamuuliza wa nani."

Ndoto ya Kitwana ni kuona njia nzima, tangu dukani hadi msikitini na kanisani, ikiwa na mahali pa kukaa kila mzee anapoweza kuchoka. Anataka pia miti, na ameshaongea na Didas kuhusu miche. Hana hakika kama mama yake atakuwepo kuyaona yote. Anasema wapo wengine ndani ya kuta, asiowajua bado, na yeye mwenyewe hazidi kuwa kijana.

Jumatatu ijayo anakwenda Tangini, upande wa pili wa mji. Amepigiwa simu na mwanamke aitwaye Eugenia, mfanyakazi wa ofisini, ambaye amemhamishia kwake baba yake, Mzee Laurean, na mzee huyo tangu afike hajatoka chumbani. Eugenia alisikia habari za fundi wa mabaraza, akataka kujua gharama, na kama vipimo vinaweza kuchukuliwa haraka mwishoni mwa wiki wakati yeye yuko nyumbani.

Kitwana alimwambia vipimo vinaweza kusubiri.

"Nimemwomba nionane na mzee kwanza," anasema, akifuta mwiko wake. "Nataka nimuulize anapenda kukaa akiwa ametazama wapi."